Ngazi na Kipimo: Uhakiki wa Tawasifu Mbili za Wanawake wa Zimamoto

Mwaka 2017 Dany Cotton, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa Kamishna wa Kikosi cha Zimamoto cha London, alianzisha kampeni ya hadhara dhidi ya neno moja la Kiingereza: fireman. Nusu ya pili ya neno hilo humtaja mwanamume, na hoja ya Kamishna ilikuwa kwamba mtoto wa kike anayelisikia kila siku hujifunza mapema kuwa kazi hiyo si yake. Kikosi chenyewe kilikuwa kimekwisha kuliacha katika maandishi yake rasmi miaka mingi nyuma na kuliweka firefighter mahali pake. Magazeti hayakuliacha, wala vipindi vya watoto vya televisheni. Cotton alivuna kejeli na matusi kwa kiasi kisicholingana kabisa na udogo wa ombi lake.

Mzozo huo haufasiriki kwa Kiswahili. Zimamoto ni nomino ambatani iliyoundwa kwa kitenzi zima na nomino moto. Ndani yake hamna mume wala mke. Askari, mkaguzi, mrakibu na kamishna wote huingia katika upatanisho wa A-WA bila kuulizwa jinsia yao. Mfasiri anayetaka kuonyesha kilichomuudhi Cotton atalazimika kubuni kitu kama “mwanamume wa zimamoto”, usemi ambao hakuna msemaji wa Kiswahili autumiaye. Kishawishi cha kujivunia lugha hapa ni kikubwa, na katika mijadala ya jinsia na Kiswahili kimekwisha kuzoeleka: lugha yetu haibagui, basi tatizo ni la wengine.

Kishawishi hicho hakina budi kukataliwa. Jinsia iliyozuiwa kuingia kwa mlango wa sarufi huingia kwa dirisha la kivumishi. Habari za Kiswahili huandika “askari wa kike wa zimamoto” kila mara mwanamke anapotajwa, ilhali mwenzake wa kiume huitwa askari tu. Tena neno lenyewe limewahi kubeba mizigo ambayo sarufi haikuijua. Mwanahistoria Luise White, katika Speaking with Vampires (2000), amekusanya masimulizi ya enzi ya ukoloni kutoka Nairobi, Kampala na kwingineko, ambamo wazimamoto ni watu wanaowakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu. Waliosimulia hawakuwa wakizungumzia moto. Walizungumzia sare, magari na mamlaka yasiyoelezeka. Maana ya neno zimamoto ilitokana na wale walioonekana wakiivaa sare hiyo na yale waliyodhaniwa kuyafanya, si na ngeli yake.

Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili anayesoma simulizi za wanawake wa zimamoto hawezi kuishia kwenye istilahi. Makala haya yanazisoma tawasifu mbili, Fighting Fire ya Caroline Paul (1998) na The Heat of the Moment ya Sabrina Cohen-Hatton (2019), kwa swali moja: ni kipimo gani kinachotumiwa kuamua nani anaiweza kazi hii, na nani aliyekiweka? Neno ngazi linafaa sana hapa, kwa kuwa katika Kiswahili ni lile lile linaloegemezwa ukutani na lile linalopandwa kwa vyeo. Kitabu cha Paul ni cha ngazi ya kwanza. Cha Cohen-Hatton ni cha ngazi ya pili.

Paul aliingia katika kikosi cha San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wanawake wa kwanza walikuwa ndio kwanza wamepokewa. Alikuwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwanamichezo mrefu, mpenda hatari kwa hiari yake, na kwa maelezo yake mwenyewe alifanya mtihani wa kuingia akiwa na nia ya mwandishi wa habari: kuzichunguza kwa ndani tuhuma za ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Aliyekuja kupeleleza akabaki kufanya kazi. Nguvu ya kitabu chake imo katika kuieleza kazi hiyo: uzito wa mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa maji unaopigana na anayeushika, kutambaa sakafuni kwa sababu juu ni moto mkali na moshi usiopitisha jicho. Maandishi ya namna hii ni adimu, na anayeandika sera za zimamoto bila kuwahi kusoma ukurasa mmoja wa aina hii anaandika juu ya kitu asichokijua.

Hata hivyo, simulizi yote imejengwa juu ya swali la kutazamiwa: ataweza? Kila moto unaleta swali hilo upya, na kila moto unalijibu. Msomaji hushangilia, lakini kadiri anavyoshangilia ndivyo anavyozidi kukubali kwamba swali lenyewe lilikuwa la haki. Paul aliweza kwa sababu mwili wake ulifaa kipimo alichokikuta. Kitabu kinajua kwamba kipimo hicho kina historia, ila historia hiyo inabaki nyuma ya moshi.

Historia hiyo iko wazi zaidi New York. Mwaka 1977 jiji hilo liliwafungulia wanawake mtihani wa zimamoto kwa mara ya kwanza. Waliofaulu sehemu ya maandishi na kwenda kwenye jaribio la mwili wote walianguka. Mmoja wao, Brenda Berkman, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria, alifungua shauri. Mwaka 1982 Jaji Charles Sifton aliamua kwamba jaribio lile lilikuwa la kibaguzi na kwamba jiji halikuweza kuonyesha kuwa linapima kazi yenyewe. Jaribio likaandikwa upya, na wanawake wapatao 40 wakaingia mwaka huo huo. Berkman na mwenzake mmoja waliachishwa kazi mwishoni mwa kipindi cha majaribio, kisha wakarudishwa kwa amri ya mahakama. Alistaafu mwaka 2006 akiwa na cheo cha kapteni.

Jambo la msingi katika shauri lile ni kwamba mahakama haikusema wanawake wahurumiwe. Ilisema kipimo kithibitishwe. Kasi ya kumaliza zoezi si lazima iwe ndiyo sifa inayomtoa mtu hai ndani ya nyumba inayoungua, na anayedai kwamba ndiyo ana wajibu wa kuonyesha. San Francisco nako, tangu 1988, kikosi kiliajiri na kupandisha vyeo chini ya uangalizi wa mahakama ya shirikisho. Fighting Fire ikisomwa bila mambo haya inakuwa hadithi ya mwanamke jasiri. Ikisomwa pamoja nayo inakuwa ushahidi kwamba ushujaa ulihitaji kwanza karatasi ibadilishwe.

Cohen-Hatton anaanzia mahali tofauti kabisa. Akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa akilala nje nchini Wales. Akiwa na miaka 18 alijiunga na kikosi cha South Wales. Ni mfupi wa kimo, na kitabu hakijengi hoja yake juu ya misuli. Tukio linalokishikilia ni jingine. Aliitwa kwenye ajali ambayo zimamoto mmoja alikuwa ameungua vibaya, na alijua kwamba huenda ni mchumba wake. Hakuwa yeye, alikuwa mwenzao mwingine. Afueni aliyoihisi ikageuka majuto, kwa kuwa aliyeungua naye alikuwa mtu wa mtu. Kutokana na hapo akaingia katika utafiti wa makosa ya kibinadamu, akasomea saikolojia huku akiendelea na kazi, hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cardiff.

Utafiti wake, aliousimulia kwa lugha ya kawaida katika kitabu hiki, uliwafuatilia makamanda wa matukio wakiwa na kamera kwenye kofia zao. Mafunzo rasmi yalidhani kwamba kamanda hukusanya taarifa, hupanga, kisha hutenda. Kamera zilionyesha vingine: mara nyingi makamanda waliruka kutoka kwenye taarifa hadi kwenye tendo, na hatua ya kupanga haikuonekana. Aliyoyapendekeza na wenzake ni maswali mafupi ya kujiuliza kabla ya kutoa amri: lengo ni nini, kitatokea nini, na je, faida inalingana na hatari? Maswali hayo yakaingia katika mwongozo wa kitaifa wa Uingereza.

Hapa ndipo tawasifu ya pili inapoizidi ya kwanza kwa fikra, ingawa kwa ufundi wa kueleza moto wenyewe ya Paul iko mbele. Cohen-Hatton hakufaulu kipimo kilichokuwapo na kutosheka; alikiandika kingine. Kwenye ngazi ya kamanda swali si nani anabeba nini, bali nani anafikiri vipi huku anaogopa. Kamanda anayekiri woga, ambaye katika vituo vingi angehesabiwa dhaifu, anageuka kuwa kamanda anayefaa kuchunguzwa na kufunzwa. Kwa kufanya hivyo mwandishi ameondoa sifa ya uongozi kutoka kwenye kifua kipana bila kuandika hata waraka mmoja wa malalamiko.

Lakini ushindi huo una gharama katika kitabu. Sayansi inaeleza jinsi kamanda anavyoamua. Haielezi mtu anavyofika kwenye kiti cha kamanda. Bodi za usaili, mapendekezo ya mkuu wa zamu, nani anapewa nafasi ya kukaimu na nani anaambiwa asubiri: haya yanapata nafasi ndogo mno yakilinganishwa na mchakato wa ubongo. Mwaka 2019 mwandishi alikuwa Mkuu wa Zimamoto wa West Sussex, na msomaji anaweza kukifunga kitabu akidhani kwamba akili na bidii ndizo zilizompandisha peke yake. Huenda mwandishi mwenyewe asingelikubali hilo, ila kitabu chake hakizuii.

Kwa washauri wa sera pengo hilo ni kubwa kuliko kosa lolote la kifasihi. Jeshi la sare kwa kawaida haliingiwi katikati. Joanne Hayes-White alijiunga na kikosi cha San Francisco mwaka 1990 na akawa mkuu wake mwaka 2004. Aliyemrithi mwaka 2019, Jeanine Nicholson, alikuwa ameingia mwaka 1994. Cotton alijiunga London mwaka 1988 na akawa Kamishna miaka 29 baadaye. Kila mmoja wao ni matokeo ya uamuzi wa kuajiri uliofanywa na watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kustaafu alipofika juu. Serikali inayotaka kuona mrakibu wa kike baada ya miaka mitano huku leo haimwajiri konstebo wa kike haina inachokisubiri. Tena inafaa vyeo vilinganishwe kwa uangalifu: Kamishna wa London anaongoza wazimamoto, Kamishna wa New York ni kiongozi wa kiraia anayeteuliwa na meya, na Kamishna Jenerali wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania ni mkuu mwenye sare. Kuwa “mwanamke wa kwanza” katika vyeo hivi vitatu si jambo moja. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 imezipa kaunti huduma za zimamoto, swali la nani wa kwanza lingepaswa kuulizwa mara 47.

Utanzu wenyewe wa “mwanamke wa kwanza” unastahili uhakiki mkali zaidi kuliko uliowahi kuupata. Utanzu huo unajua kusimulia kupanda; haujui kusimulia kushindwa. Miezi mitano na nusu tangu Cotton ashike wadhifa, jengo la Grenfell liliungua na watu 72 wakafa. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, Oktoba 2019, ilikikosoa kikosi kwa kutojiandaa na kwa kuchelewa kubatilisha agizo la kuwataka wakazi wabaki ndani, na ikamkosoa yeye kwa kusema kwamba asingebadili chochote katika yale kikosi chake kilichoyafanya usiku ule. Aliondoka mwishoni mwa mwaka huo, kabla ya muda aliokuwa amepanga. Waliomtukana kwa ajili ya neno fireman walipata walichokitaka. Waliompenda walinyamaza, kwa kuwa masimulizi yao yalikuwa na nafasi ya shujaa tu. Hakuna upande ulioweza kuuliza swali la Cohen-Hatton: mpango uliokuwapo ulimruhusu kamanda yeyote, wa jinsia yoyote, kufikiri nini saa ile?

Novemba 2022 mapitio huru ya utamaduni wa kikosi hicho hicho, yaliyoongozwa na Nazir Afzal, yalikikuta kikiwa na chuki dhidi ya wanawake na ubaguzi wa rangi uliozama katika taasisi. Karibu miaka mitatu ya mwanamke kileleni haikuwa imeyaondoa.

Siku tawasifu hizi zitakapotafsiriwa, mfasiri atafurahia jambo moja. Kila mahali ambapo Kiingereza kinalazimika kuchagua kati ya neno la bwana na neno la bibi katika kumwitikia mkubwa kazini, Kiswahili cha vikosi kina afande, naye afande ni afande tu. Itamlazimu, hata hivyo, aongeze tanbihi kumweleza msomaji kwamba katika lugha ya awali uitikiaji huo ulikuwa na tatizo, na kwamba mwandishi alilazimika kuliishi. Tanbihi hiyo itakuwa ngumu kuiandika kuliko sura nzima za moto, kwa maana mfasiri atajikuta akieleza pia kwa nini katika vituo vyetu, penye neno lisilo na ubaguzi, anayeitikiwa afande bado kwa kawaida ni mwanamume.