Deksa Kabla ya Tochi

Wimbi la macho mekundu la Januari 2024 kila mtu analikumbuka. Wizara ya Afya ilionya watu wasijitibu, na hapo sina neno. Kilichoharibu kazi ni uamuzi wa kwenye kaunta za maduka ya dawa, na hapa Arusha bado unafanyika: kumpa mtu wa jicho jekundu genta-deksa, matone yenye antibiotiki gentamisini na steroidi deksamethasoni, bila hata kummulika.

Turudishe mkanda taratibu. Mteja anaingia, kope zimevimba, matongotongo yamejaa, mwanga unamchoma. Muuzaji anauliza swali moja, "Limeanza lini?", na mkono tayari uko kwenye rafu. Genta ni ya bakteria. Adenovirusi, chanzo cha milipuko mingi ya namna hii, haviguswi nayo. Deksa ndiyo inayoonekana kufanya kazi, kwa kuwa inatuliza kinga ya mwili. Wekundu unafifia, mteja anarudi kushukuru. Virusi havijaenda popote, na pengine vitaendelea kuambukiza kwa siku nyingi zaidi kupitia taulo la familia.

Huyo ana bahati. Je, kama jicho hilohilo lingekuwa na hepesi? Kidonda chembamba chenye matawi, kikilishwa deksa, hutanuka kikawa kipana kama ramani. Au mkulima wa Ngaramtoni aliyekwaruzwa na jani la mahindi, fangasi wakaingia? Deksa inawafungulia njia. Katikati, konea ina unene wa takriban nusu milimita. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha, na kidonda kikipona huacha chamba.

Kinachotakiwa ni kidogo mno. Ncha ya pamba iliyosokotwa inagusa konea: asiyepepesa, shuku hepesi. Kisha karatasi ya fluoresini na mwanga wa buluu, penye kidonda pang'ae kijani. Muuzaji hana vifaa wala mafunzo? Basi deksa si yake. Hospitali ya Mount Meru ipo, KCMC iko Moshi.

Kutazama kwanza si jambo geni. Daktari wa macho Allen Foster alifanya kazi Mvumi, Dodoma, kuanzia 1975 hadi 1985. Mwaka 1987, yeye na daktari mwenzake Alfred Sommer walichapisha habari za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea: hepesi ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu, pamoja na upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji. Kizazi kile kilitazama kwanza, kikaandika dawa baadaye. Sisi wa leo tuna simu zenye tochi mfukoni.

Kinachoniuma zaidi ni watoto wa shule wenye aleji, wanaofikicha macho kutwa kwa vumbi la kiangazi. Deksa ya miezi inaweza kuwaletea presha ya macho na mtoto wa jicho. Kule kufikicha nako kunaweza kuichomoza konea kama koni. Daktari akiiandika deksa kwa siku chache huku akipima presha, sina ugomvi naye.

Muuzaji atasema: nikimnyima mteja deksa, ataenda duka la jirani. Aende. Mpe kitambaa cha maji baridi na machozi ya bandia, mwambie asichangie taulo na mtu. Akilalamika kwamba haoni vizuri, usimuuzie kitu, mwelekeze hospitali siku hiyohiyo.