Nobu ya Besi: Fungua Yote Kwanza

Matatu ya Nairobi yenye muziki wa kuringia huwa na kidude ambacho abiria hakioni. Kipo chini ya redio, jirani na gia: kirungu cheusi cha kuzungusha, kimekazwa kwa skrubu mbili. Ndiyo nobu ya besi. Kutoka hapo waya bapa, wa aina ileile ya simu ya mezani, unapita chini ya zulia hadi kwenye amplifaya iliyofichwa nyuma.

Wengi wanaamini nobu hiyo inaongeza besi. Ile ya maana hupunguza tu. Kiwango cha juu kabisa kinawekwa kwenye amplifaya yenyewe, kwa skrubu ya gein. Nobu ni koki: ukiifungua yote unapata presha ya tangi, basi.

Kwa hiyo hatua gani inatangulia si jambo dogo. Chukua gari lenye sabufa mbili za omu 4 zilizofungwa sambamba. Amplifaya inaona omu 2, na kwa omu hizo inatoa wati 500. Fundi anayejua kazi anachomoa sabufa, anazima madoido yote ya besi kwenye redio na kwenye amplifaya, anapandisha sauti ya redio hadi robo tatu, kisha anafungua nobu yote. Anapiga mlio mmoja mtupu wa hezi 50, anagusisha multimita kwenye sehemu ya kufungia waya za spika, na kugeuza gein polepole mpaka isome volti 31 na ushee. Hesabu yake fupi: 500 mara 2 ni 1,000, na kipeuo cha pili cha 1,000 ni 31.6. Hapo gein haiguswi tena.

Asiyejua anafanya hayohayo nobu ikiwa katikati. Gereji muziki unapendeza, mwenye gari analipa na kushukuru. Siku dereva anapoifungua yote, amplifaya inadaiwa nguvu isiyokuwa nayo: inakata vichwa vya mawimbi, koili ya sabufa inapata joto lisilopata pa kutokea, na punde ndani ya gari kunanuka vanishi iliyoungua.

Kuna na aina ya pili, isiyogusa besi yote bali inayovimbisha sauti za karibu na hezi 45, nyingine hadi desibeli 12 au hata 18. Desibeli 6 tu zinadai nguvu mara nne; amplifaya yetu ya wati 500 inaombwa 2,000. Hii mimi ningeiacha sifuri, hata abiria wakinuna.

Sasa, kama inapunguza tu, ina faida gani? Rumba ya Franco ya miaka ya 1970 na amapiano ya leo hazikurekodiwa kwa besi moja. Wimbo ukibadilika, mkono unakwenda kwenye nobu bila macho kutoka barabarani. Tena watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini, sikio hupoteza besi zaidi kuliko sauti za kati. Kwa hiyo muziki ukiwa mdogo ndipo nobu ifunguliwe, na ukipanda irudishwe nyuma kidogo. Madereva wengi hufanya kinyume.

Ukipoteza nobu yako, usinunue yoyote tu Luthuli Avenue kwa kuwa plagi inaingia. Kila kampuni hupanga waya zake inavyotaka, na mpangilio usiolingana unaweza kuunguza saketi ya amplifaya. Afadhali ile inayokaa katikati ya waya za mawimbi, kati ya redio na amplifaya, kwani haijali kampuni. Ila hiyo hupenda kuokota mvumo wa injini, hivyo waya zake zipitishwe ubavu mmoja wa gari na waya mnene wa betri upite ubavu wa pili.