Kipchoge Huvaa Gani?

Septemba 2015 Eliud Kipchoge alishinda mbio za Berlin huku soli za ndani za raba zake zikining'inia nje kama ndimi za mbwa waliochoka. Zilianza kuchomoka mapema, mbio zikiwa bado mbichi, na hakusimama kuzing'oa. Alimaliza kwa saa 2:04:00, sekunde 5 chini ya muda wake bora wa awali, nyayo zikiwa na malengelenge na damu. Raba zile hakuziokota Gikomba. Zilikuwa toleo la majaribio la Nike, kampuni inayomlipa azivae, na zilitengenezwa na watu wanaoujua mguu wake kuliko daktari wangu anavyonijua mimi.

Naikumbuka picha hiyo kila mara mtu akiuliza kwenye kikundi cha WhatsApp: "Wasee, Kipchoge huvaa gani?" Swali lenyewe halina ubaya. Linaulizwa na mtu ambaye ameamka saa kumi na moja asubuhi, amezunguka Karura mara mbili, goti linamuuma, na ana elfu kumi na mbili za kununua raba moja mwaka huu. Anataka kujua azitupe wapi. Na jibu analopewa, karibu kila mara, ni jina la raba inayopendwa zaidi wiki hiyo.

Jibu hilo lina historia fupi. Tarehe 12 Oktoba 2019 Kipchoge alikimbia Vienna kwa 1:59:40, muda usioingia kwenye rekodi rasmi kwa sababu alikuwa na makundi ya wasindikizaji waliopokezana na gari lililomwongoza kwa mwanga. Kesho yake Brigid Kosgei akakimbia Chicago kwa 2:14:04 na kuiondoa rekodi ya Paula Radcliffe iliyodumu miaka 16. Raba zilikuwa za familia moja: povu nene na bamba la kaboni ndani yake. Mwishoni mwa Januari 2020 shirikisho la riadha duniani likaweka mipaka kwa mbio za barabarani, soli isizidi milimita 40 na bamba liwe moja tu. Kwa wauzaji hilo lilikuwa tangazo la bure. Kitu kinachohitaji kuzuiliwa na sheria lazima kiwe kinafanya kazi, sivyo?

Kinafanya kazi, na sitajifanya vingine. Bamba huzuia vidole kujikunja sana, povu hurudisha sehemu kubwa ya nguvu uliyoikanyagia, na rekodi zilizoanguka tangu wakati huo si bahati. Shida yangu ni jinsi ufanisi huo unavyosimuliwa. Toleo la kwanza lililouzwa madukani mwaka 2017 liliitwa Vaporfly 4%. Namba ndani ya jina! Fikiria riwaya iitwayo "Utalia Mara Nne". Asilimia 4 ilitoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliofadhiliwa na Nike yenyewe, uliopima wakimbiaji 18 na kuona kwamba kwa wastani walitumia nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Niliacha chuo kabla somo la takwimu halijanimaliza, lakini wastani naujua: miongoni mwa hao 18 kuna aliyepata kama moja na nusu na kuna aliyepita sita. Kwenye boksi hawamo. Kuna namba moja tu.

Halafu zikaja namba ambazo sijaona tangazo lolote likizichapa. Mwaka 2023 jarida la Sports Medicine lilichapisha utafiti uliowaweka wanaume 7 wa Kenya wa kiwango cha dunia, wale wa kukimbia nusu marathoni kwa takriban dakika 59, pamoja na Wazungu 7 wa ridhaa. Kila mmoja alijaribu aina 3 za raba za povu na kaboni, zikalinganishwa na raba ya kawaida bapa ya mashindano. Miongoni mwa Wakenya, kuna aliyepata faida ya zaidi ya asilimia 11. Kuna pia aliyepata hasara ya zaidi ya asilimia 11. Yaani msee wa dunia, mguu wa Bonde la Ufa, ndani ya raba ambayo ulimwengu umeambiwa iliumbwa kwa ajili yake, na mwili wake ukafanya kazi zaidi kuliko angevaa raba bapa ya zamani.

Watu 14 ni wachache, na vipimo vya aina hii hubabaika kutoka siku hadi siku, kwa hiyo simwambii mtu aichome Alphafly yake. Lakini hebu tazama maana yake kwa hadithi tunayouziwa. Matangazo hutumia mguu wa Mkenya kama ushahidi wa jumla: ukimfaa huyu, utakufaa wewe wa Umoja. Maabara inasema hata hawa 7 hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe.

Na sisi wa mwendo wa polepole? Watafiti wengine waliwapima watu kwa kilomita 10 kwa saa, yaani dakika 6 kwa kilomita, mwendo ambao wengi kwenye vikundi vya Jumamosi hawaufikii vikianza vilima. Faida ilishuka hadi karibu asilimia 1 kwa wastani, na baadhi yao walipoteza. Alphafly 3 ilipotoka ilikuwa dola 285. Kwa shilingi ni zaidi ya elfu 35, kodi ya miezi mitatu ya bedsita yangu, kabla hujalipia usafirishaji na ushuru. Juu yake kuna Adios Pro Evo 1 ya Adidas, aliyovaa Tigst Assefa alipokimbia 2:11:53 Berlin mwaka 2023. Gramu 138, dola 500, na kampuni yenyewe ikasema imeitengeneza kwa mbio moja na mazoezi machache ya kuizoea. Assefa anaweza kuitumia hivyo. Wewe utaivaa hadi kwa Mama Mboga.

Usidhani dawa ni kurudi kinyumenyume. Tulishapitia huko. Mwaka 2009 Christopher McDougall alitoa kitabu Born to Run, kuhusu wakimbiaji wa Kitarahumara wa Meksiko, na mwaka uliofuata Daniel Lieberman wa Harvard akachapisha utafiti kwenye jarida la Nature ukiwahusisha vijana wa Bonde la Ufa waliokua wakikimbia pekupeku. Hao hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na soko likasikia: tupa raba yako. Watu wa New York na London waliokaa kwenye viti maisha yao yote wakaanza kutua kama watoto wa Nandi. Vibram, watengenezaji wa vile viatu vyenye vidole kama glavu, walikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliolalamikia madai yao ya kiafya, bila kukiri kosa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine walikuwa wameenda kwa Wadaasanach, karibu na Ziwa Turkana. Nao pia wamekua pekupeku, nao pia ni Wakenya. Wengi wao, wakikimbia mwendo wanaouchagua wenyewe, walitua kwa kisigino.

Abebe Bikila huwekwa kwenye mabango ya pekupeku kwa ushindi wake wa Roma 1960. Mara chache bango hutaja kwamba Tokyo 1964 alishinda tena, kwa muda bora zaidi, akiwa amevaa viatu.

Basi mtu atasema: niende dukani nikapimwe. Hapo ndipo fasheni inapovaa koti jeupe. Unaloweka wayo, unakanyaga karatasi, mhudumu anatazama upinde wa wayo wako na kukuambia wewe ni "bapa" au "juu", kisha anakuelekeza kwenye rafu. Inaonekana ni jambo la mtu binafsi kabisa. Jeshi la Marekani lililijaribu kwa maelfu ya makurutu: kundi moja likapewa raba kulingana na umbo la wayo, jingine likapewa aina moja wote. Majeraha hayakutofautiana. Kupimwa kwa njia ile hakukumlinda mtu, ingawa kulimpa hisia kwamba ameonekana, na hisia hiyo inauza sana.

Kilichoonekana kusaidia ni kitu cha aibu kwa urahisi wake. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada waliwapa askari soli za ndani za aina mbalimbali na kuwaacha kila mmoja achague ile iliyomstarehesha zaidi. Waliochagua walipata maumivu na majeraha machache kuliko wenzao ambao hawakupewa, na chaguo zao zilitawanyika. Hakukuwa na soli moja iliyowashinda wote. Benno Nigg wa Calgary, aliyefanya kazi hii kwa miaka mingi, alikuja kupendekeza kwamba starehe yenyewe ndiyo kichujio: mwili unajua njia yake ya kwenda, na raba inayoupinga utaihisi. Sikubaliani naye kila mahali, maana raba laini sana huwa tamu dakika tano za kwanza na mbaya kilomita ya 15. Lakini napenda kwamba anaanzia na aliyevaa.

Nikisoma mapitio ya raba mtandaoni, huwa natafuta mtu huyo na simpati. Mapitio yamekuwa na muundo wake kama hadithi za kutisha: kufungua boksi, uzito kwa gramu, urefu wa soli kwa milimita, mbio tatu kwenye lami safi, kisha hukumu. Msimulizi amepewa raba bure na hajitambulishi. Ana kilo ngapi? Mguu wake ni mpana? Aliwahi kuumia kano ya kisigino? Akisema "imara", ni imara kwa mwanaume wa kilo 58 au kwa nani? Wanawake ndio huachwa nje zaidi. Kwa miaka mingi raba nyingi "za kike" zilikuwa kalibu ya mguu wa kiume iliyopunguzwa na kupakwa waridi, na mapitio yakaendelea kana kwamba ni rangi tu iliyobadilika. Msomaji wa fasihi angemkataa msimulizi kama huyu ukurasa wa pili.

Muuzaji wangu wa Toi hana kipeperushi. Anatandika gunia chini na kusema, "Kimbia hadi kwa yule wa mikoba urudi." Nakimbia. Akiona nimekunja vidole ananyang'anya raba kabla sijasema kitu. Mguu wangu ni mpana mbele na mwembamba nyuma, kwa hiyo raba nyingi zenye jina kubwa hunibana kidole kidogo na kuniachia kisigino kikicheza. Nyingi ninazochukua ni za matoleo ambayo hakuna aliyewahi kuyapigia picha. Mtumba una ubaya wake pia. Povu huzeeka hata bila kukimbiwa, na soli iliyolika upande mmoja inakupa mwendo wa mtu usiyemjua, kwa hiyo igeuze, itazame kisigino, uikunje uone inavyorudi. Feki zimejaa, na feki ya raba ya kaboni ni kipande cha plastiki ngumu chini ya vidole vyako. Lakini jaribio la gunia ni uhakiki bora kuliko mengi niliyosoma, kwa sababu ya mpangilio wake: mguu kwanza, jina baadaye, na mara nyingi jina limeshafutika.

Ninachosubiri ni mapitio ya mwanamke wa kilo 80, wayo bapa, anayemaliza kilomita 5 kwa dakika 40 pale Uhuru Park na kuandika baada ya kilomita 300 za vumbi na mvua ya Aprili ni wapi raba ilimwuma na lini iliacha. Nitamsoma hadi sentensi ya mwisho, hata kama raba yake mimi siwezi kuivaa.