Sindano Ndani ya Lami Kuukuu

Barabara ya lami ikichakaa, wengi wetu huona takataka tu: mabonge meusi yanayosukumwa pembeni na kuishia kufukia dimbwi mlangoni kwa mtu. Fundi wa lami huona vingine. Asilimia 95 hivi ya uzito wa lami ya moto ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe, na mawe hayazeeki upesi. Kinachozeeka ni bitumeni, ile asilimia 5 inayoyashikanisha. Jua na hewa huikausha mpaka inakatika badala ya kunyumbuka.

Kwa Tanga hesabu hiyo si ya kupuuza. Mawe ya chokaa yapo tele, ndiyo yanayolisha viwanda vya saruji vya Pongwe na Maweni. Lakini jiwe la chokaa likisuguliwa na matairi hulainika na kuteleza, kwa hiyo tabaka la juu la barabara hutaka jiwe gumu zaidi. Bitumeni nayo huagizwa nje. Tanzania haisafishi mafuta ghafi. TIPER, kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta huko Kigamboni, imebaki ghala. (Hata bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, ili ghafi ipakiwe melini, si kusafishwa hapa.) Barabara ya lami nzito iliyochoshwa na malori, basi, ni machimbo yaliyokwisha kulipiwa. Dunia nayo iliamka kuitumia tena lami ya zamani hasa baada ya 1973, mafuta yalipopanda bei.

Kazi huanza kwa kukwangua. Pipa la chuma lenye meno magumu huzunguka na kula sentimita chache tu, kwa kipimo, huku maji yakirushwa kupoza meno na kutuliza vumbi. Chenga zinazotoka hutakiwa kutunzwa kama mali. Huwekwa chini ya paa, maana masika ya pwani hayana huruma, na kila tone litakaloingia litachemshwa kwa mafuta ya kununua. Ukizifunika kwa turubai lililozilalia, zinatoa jasho humo ndani. Ukipandisha tingatinga juu ya rundo, jua la mchana linazigandamanisha upya.

Sehemu ninayoipenda ni maabara. Bitumeni ya zamani huyeyushwa kutoka kwenye kokoto, ikasafishwa, ikawekwa kwenye kikopo kwa nyuzi 25. Sindano iliyobebeshwa uzito wa jumla wa gramu 100 huachiwa iizamie kwa sekunde 5. Bitumeni mpya ya daraja la 60/70 huruhusu milimita 6 hadi 7. Iliyozeeka sana haitoi hata 2. Kwa kina hicho kidogo fundi anajua achanganye bitumeni laini kiasi gani, na chenga za zamani ziwe sehemu gani ya mchanganyiko. Wengi huanzia asilimia 10 hadi 20. Kuvuka hapo si dhambi, ila kunadai vipimo vingi na mikono isiyo na pupa.

Kisha moto, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo: chenga kuukuu hazionjeshwi mwali hata kidogo, la sivyo bitumeni yake inaungua na bomba la mtambo linatoa moshi wa buluu. Kinachochomwa ni kokoto mpya, hadi nyuzi 200 na zaidi, ndipo chenga zinamwagwa juu yake. Joto linahama kutoka jiwe hadi jiwe, lami ya zamani inalegea, bitumeni mpya inaingia, na mchanganyiko unatoka kwenye nyuzi 150 na ushei.

Mzoefu hulisoma lori kabla hata ya kipimajoto. Rundo lililochongoka kileleni limepoa. Lililolala bapa na kung'aa limezidi bitumeni. Likiwa la wastani, linatandazwa na kushindiliwa kabla halijashuka chini ya nyuzi 90 hivi, magurudumu ya rola yakilowanishwa maji yasinate.

Haya yote hayana maana kwenye barabara iliyopakwa lami nyepesi tu, kwa kuwa hapo hakuna cha maana cha kukwangua. Na kuna jambo moja dogo linaloniudhi: vibarua kupaka makoleo dizeli ili lami isinase. Dizeli huyeyusha bitumeni. Sindano, maabara na moto vyote vimepigania ile asilimia 5, halafu koleo moja linaiharibu mwishoni.