Video, Filamu au Mnaso?

Miongoni mwa nyenzo za kufundishia zilizoenea vyuoni, imo moja ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina moja. Mwalimu huendesha programu katika kompyuta yake huku akieleza kwa sauti. Kila kinachopita kwenye skrini hurekodiwa pamoja na maelezo hayo. Mwanafunzi aweza kusimamisha na kurudia apendavyo.

Katika tafsiri zinazotufikia, nyenzo hiyo huitwa mara "video", mara "filamu ya kompyuta", mara "matangazo ya skrini". Hatuna budi kuyapima majina hayo.

"Video" ni pana mno. Mwalimu aagizwaye kwa waraka kuandaa video ya somo atatafuta kamera na mpiga picha, ilhali kinachotakiwa ni kompyuta na kipaza sauti tu. Hapo kasoro ya istilahi hugeuka hasara ya fedha. "Filamu ya kompyuta" yaweza kudhaniwa katuni. "Matangazo ya skrini" limefuata neno la Kiingereza kipande kwa kipande. Neno hilo alilichagua mwandishi wa Marekani, Jon Udell, mwaka 2004, kutokana na mapendekezo ya wasomaji wake, na kipande chake cha pili chakumbusha utangazaji wa redio. Lakini rekodi hii si lazima itangazwe. Huhifadhiwa, ikamngoja mwanafunzi.

Sisi twapendekeza "mnaso wa skrini", wingi "minaso ya skrini", na kitendo kiwe "kunasa skrini". Kitenzi "nasa" kimekwisha kuzoeleka katika "kinasa sauti", na umbo "mnaso" lafuata njia iliyotupatia "mchezo" kutokana na "cheza". Wako watakaosema kuwa kunasa ni kwa mtego na ndege. Ni kweli, lakini aliyezoea kunasa sauti hatashindwa kuelewa kunasa skrini. Wengine watapenda "kiwambo". Neno hilo lina asili njema, katika kuwamba ngoma. Hata hivyo "skrini" imekwisha kukaa vinywani mwa watu, na kumtwisha msomaji maneno mawili mapya kwa mpigo si busara.

Mnaso usichanganywe na picha ya skrini, ambayo ni mnato, haina mwendo wala sauti.

Twawaomba watafsiri na walimu walijaribu neno hili katika nyaraka na madarasa yao. Lisipofaa, na liachwe. Ila tusizidishe majina ya kitu kimoja, kwani "kompyuta" na "tarakilishi" zimekwisha kutusumbua vya kutosha.