Vali Hai, Vali Asilia au Vali ya Tishu?

Mfasiri wa maandishi ya tiba akutanapo na dhana ya vali ya moyo iliyotengenezwa kwa tishu ya mnyama, hushawishika kutumia mojawapo ya majina matatu: vali hai, vali asilia, au vali ya mnyama. Katika makala haya tunakusudia kuyapima majina hayo kwa kipimo kimoja: je, mgonjwa anayetia sahihi fomu ya ridhaa ataelewa ni kitu gani anachokubali kutiwa mwilini?

Vali hai halifai. Tangu Alain Carpentier wa Paris alipoanzisha matumizi ya glutaraldehaidi mwishoni mwa miaka ya 1960, tishu hizo hukaushwa uhai kwa dawa hiyo ili zikaze na mwili usizikatae. Kitu kilichokufa hakikui wala hakijitengenezi. Baada ya miaka kadhaa hujaa chokaa, hukakamaa au kuchanika, na vijana hupatwa na hali hiyo upesi kuliko wazee. Kijana wa Afrika Mashariki ambaye vali yake imeharibiwa na homa ya baridi yabisi, akiambiwa atatiwa vali hai, atadhani itamfaa maisha yake yote.

Vali asilia nalo lina kazi yake tayari, kwani linafaa kuitaja vali ambayo mtu amezaliwa nayo.

Vali ya mnyama linakaribia ukweli, ila halisemi ni mnyama yupi wala ni sehemu gani. Kwa nguruwe, mara nyingi hutumika vali yenyewe ya aota. Kwa ng'ombe, kinachochukuliwa si vali, bali ni utando unaouzunguka moyo, ambao hukatwa na kushonwa kuwa vali, kama alivyofanya Marian Ionescu mjini Leeds mwaka 1971. Kwa hiyo vali ya ng'ombe ni kosa la maana. Isitoshe, zipo vali zinazoshonwa kwa utando wa nguruwe. Hivyo neno utando peke yake halimwondolei shaka Mwislamu wala Msabato. Huenda mmoja akaikubali kwa dharura, na mwingine akachagua vali ya kimakanika, ambayo hudumu zaidi lakini humlazimu kunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Uamuzi huo ni wake, wala mfasiri hana idhini ya kumfanyia kwa kuficha neno.

Tunapendekeza basi vali ya tishu liwe jina la jumla, na chini yake yawepo matatu: vali ya aota ya nguruwe, vali ya utando wa moyo wa ng'ombe, na vali ya utando wa moyo wa nguruwe. Yapo malalamiko kwamba tishu ni karatasi ya kufutia mikono. Hata hivyo, vitabu vya biolojia vimekwisha kulizoesha neno hili shuleni, na muktadha hutenganisha maana hizo mbili. Nyama lisingefaa, maana utando si nyama.

Majina haya ni marefu, nasi twakiri kwamba ufupi ni sifa ya istilahi njema. Lakini usahihi hutangulia ufupi, hasa katika maandishi ambayo msomaji wake anangojea kupasuliwa.