Mwinuko wa Palma: Kazi Iko Kwenye Mita Tano za Chini

Faili moja ya mwinuko, S11E040, imebeba Mtwara, mlango wa Mto Ruvuma na Palma kwa pamoja; data hizi hazina habari na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Jina hilo ni kona ya kusini-magharibi ya kipande: latitudo 11 kusini, longitudo 40 mashariki. Mocímboa da Praia imo kwenye S12E040, na Ibo kwenye S13E040. Vipimo vilichukuliwa kwa rada ya chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, na mwaka 2014 gridi ya mita 30 hivi kwa Afrika ikaachiwa umma.

Faili hizi, za muundo wa HGT, ni namba tupu, baiti mbili kwa kila nukta, mistari 3,601 yenye nukta 3,601 kila mmoja. Mahali ambapo faili inahusu panasomwa kwenye jina lake, kwa hiyo asiyependa majina ya ajabu ajizuie kulibadili. Sehemu ambazo rada haikuona zimeandikwa -32768. Usipoiambia programu kwamba hizo ni pengo, itatandaza rangi kuanzia kilomita 32 chini ya bahari, na mkoa mzima wa Cabo Delgado utakuwa na rangi moja.

Kuunganisha vipande kwa programu ya GDAL ni kazi nyepesi, maana majirani hugawana mstari wa ukingoni. Kisha hamishia data kwenye mfumo wa ramani wa mita, UTM kanda ya 37 kusini, kabla ya kukokotoa mteremko. Ukichanganya digrii za mlalo na mita za wima, kila kichuguu kitageuka genge.

Utata uko pwani. Bahari imeandikwa 0, na wengi huitangaza 0 kuwa pengo ili bahari ibaki wazi. Kwenye delta ya Ruvuma hilo ni kosa, kwani kuna nchi kavu yenye namba hiyohiyo, nayo hufutika. Bora ukate bahari kwa mstari wa pwani uliochorwa kando. Hata huo una mgogoro wake: sifuri ya data inakaribia usawa wa wastani wa bahari, ilhali maji ya bamvua hupanda juu ya hapo karibu mita 2.

Halafu kuna mikoko. Rada ile haikufika matopeni. Ilirudi kutoka kwenye majani na matawi, basi msitu wa mikoko unaonekana kama tuta linaloukinga mji. Anayechora mafuriko ya kimbunga kama Kenneth, kilichoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, ataona maji yamezuiwa na kilima ambacho hakipo. Gridi ya Copernicus ni mpya zaidi, lakini nayo hupima vilele vya miti, na kimo chake kinafuata modeli ya usawa wa bahari ya EGM2008 badala ya EGM96. Usizibe nayo mapengo ya ile ya zamani bila kubadilisha kwanza.

Shabaha ya mradi wa 2000 ilikuwa kosa lisizidi mita 16 kwa vipimo 90 kati ya 100. Mistari ya mwinuko ya kila mita 20 inatosha kwa nyanda za juu za Mueda. Ya kila mita 1 kwa Palma ni urembo tu.